Reli Iliyopita Kando ya Majani Chai: Njia ya Mau hadi Kisumu na Wamiliki Wake

Msafiri atokaye Kericho mjini kwenda Bomet, akapitia Litein, Kapkatet na Kaplong, huona mambo mengi ya kumwonyesha kwamba yumo katika nchi ya biashara kubwa. Huona mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia, viwanda vyenye mabomba ya moshi, milundo ya kuni za mikalitusi, na malori yanayopishana barabarani mchana na usiku. Kitu kimoja hatakiona, nacho ni reli. Kilo nyingi za chai zimetoka katika vilima hivi kwa karibu karne nzima, na hakuna hata tawi moja la reli lililowahi kupanda kuzifuata. Hata hivyo, mwanahistoria wa chai ya Kericho hawezi kuandika ukurasa wa kwanza bila kutaja reli. Makala haya yanakusudia kueleza hali hiyo inayoonekana kujipinga: jinsi nchi ya chai ilivyoumbwa na reli ambayo haikuingia ndani yake, na jinsi reli hiyo ilivyopita mikononi mwa wamiliki mbalimbali ambao hawakuwahi kuketi Kericho.

Mzigo huzaa reli, au reli huzaa mzigo?

Katika nchi zilizotangulia kujenga reli, aghalabu mzigo ndio uliozaa njia. Reli ya Stockton na Darlington kule Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1825, ilijengwa kwa sababu kulikuwa na makaa ya mawe yaliyotaka kutolewa migodini na kufikishwa mahali pa kuuzia. Makaa ya mawe ni mzigo mzito wenye bei ndogo kwa kila kilo. Hayabebeki kwa punda wala kwa mkokoteni kwa faida, na mwenye mgodi asiye na reli ni kama mvuvi asiye na chombo. Ndiyo maana huko Uingereza na Marekani kampuni nyingi za reli zilianzishwa na wenye migodi au jamaa zao, zikaunganishwa, zikauzwa, zikafilisika na kununuliwa tena, huku mzigo ukibaki uleule.

Kenya nayo ina mfano wake wa karibu, ingawa si wa makaa ya mawe. Kampuni ya Magadi, iliyoundwa mwaka 1911 ili kuchimba magadi katika ziwa lenye jina hilo, ilijengewa tawi lake la kiasi cha kilomita 146 kutoka njia kuu, likakamilika mwaka 1915. Pale mantiki ya mzigo mzito ilitawala tangu mwanzo: magadi bila reli yangebaki ziwani.

Njia iliyopita juu ya nchi ya Kericho ilikuwa na asili nyingine kabisa. Ilijengwa kwa ajili ya siasa za Uganda na chanzo cha mto Nile. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilishindwa kubeba gharama za utawala, ikasalimisha hati yake, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikatangaza Himaya ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata ujenzi ulianza Mombasa chini ya kamati iliyokaa London, na mhandisi mkuu akiwa George Whitehouse. Bunge la Uingereza liliidhinisha paundi milioni 3. Kazi ilipomalizika gharama ilikuwa imezidi paundi milioni 5. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao walikufa. Hakuna aliyekuwa akifikiria chai. Mzigo ungetafutwa baadaye, reli ikiwa tayari imelala chini na deni likiwa limesimama.

Kushuka kutoka Mau

Sehemu inayohusu makala haya huanzia pale reli inapofika kilele cha Mau, mahali palipo juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na kuishia Kisumu, ambako mita hazizidi 1,150 sana. Kati ya vituo hivyo viwili reli huteremka Londiani, hupita Lumbwa, ambayo leo huitwa Kipkelion, huendelea Fort Ternan, Koru na Muhoroni, kisha hunyooka katika tambarare ya Kano. Ni safari fupi kwa ramani, lakini mhandisi aliyeitazama aliona mabonde yaliyokatwa na mito iteremkayo kwa kasi kuelekea ziwani. Kujaza mabonde hayo udongo kungechukua miaka. Ikaamuliwa yavukwe kwa madaraja marefu ya chuma yaliyosimama juu ya nguzo ndefu.

Hapa ndipo historia ya kampuni inapoingia vilimani. Viwanda vya Uingereza vilitaka bei ya juu na muda mrefu. Zabuni ilishindwa na Kampuni ya Madaraja ya Marekani, iliyopewa kazi ya madaraja 27, na jambo hilo likazua manung'uniko makubwa katika magazeti ya Uingereza: vipi reli ya Kifalme, iliyolipiwa na mlipakodi Mwingereza, ivuke mabonde yake kwa chuma cha Mmarekani? Vyuma vilikatwa na kutobolewa kiwandani ng'ambo, vikasafirishwa kwa meli, vikapanda Mau kwa reli ileile viliyokuja kuikamilisha, na vikaunganishwa papo hapo na mafundi wachache wa Kimarekani wakisaidiwa na vibarua wengi wa Kihindi na Kiafrika. Namna hiyo ya kutengeneza vipande mbali na kuviunganisha mahali pa kazi, ambayo leo haishangazi mtu, wakati ule ilikuwa ndiyo siri ya bei yao nafuu.

Wajenzi hawakuwasubiri. Walitandika njia za muda zilizozunguka mabonde, wakateremka hadi ziwani, na Desemba 1901 reli ikafika mahali palipoitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mkewe Ronald Preston aliyesimamia utandikaji. Ripoti zilisema reli imekamilika. Ukweli ni kwamba madaraja mengi yalikuwa bado, na kazi ya kudumu iliendelea hadi mwaka 1903. Jina la Port Florence halikudumu. Kisumu ilikuwapo kabla yake na ikabaki baada yake.

Inafaa kusimama kidogo hapa kwa ajili ya msamiati, kwani njia hii ilipandisha maneno ya pwani hadi katika baridi ya Mau. Vyuma vinavyolala chini ya reli huitwa mataruma, na taruma ni neno la mafundi wa vyombo, lenye kutaja ubao wa kukaza ubavu wa jahazi. Behewa nalo lilikuwa sehemu ya ndani ya nyumba ya mawe ya Kiswahili kabla ya kupewa magurudumu. Garimoshi ni gari la Kihindi lililotiwa moshi wa Kibantu. Anayedhani kwamba istilahi za kiufundi huundwa na kamati peke yake angefaa atafakari ni kamati gani iliyokaa Londiani mwaka 1901.

Mpaka uliohama na watu waliohamishwa

Reli ilipokuwa ikijengwa, vilima vya Kericho havikuwa ndani ya Himaya ya Afrika Mashariki. Vilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ambao mpaka wake ulifika hadi Naivasha. Mwezi Aprili 1902 mkoa huo wote ulihamishiwa upande wa Afrika Mashariki, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kuiweka reli nzima chini ya utawala mmoja. Wakipsigis na Wanandi walilala usiku wakiwa Uganda, wakaamka katika nchi ambayo baadaye ingeitwa Kenya. Ni nadra katika historia reli ya meta moja kwa upana kusogeza mpaka kwa mamia ya kilomita.

Wanandi waliipinga reli tangu ilipokaribia. Nyaya za simu na vyuma vya njia vilichukuliwa na kufanywa mapambo na silaha, na watawala wakaandika kwamba huo ni wizi, ilhali kwa wenye nchi ilikuwa ni vita dhidi ya mgeni aliyekata malisho. Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei aliuawa na Richard Meinertzhagen walipokutana kwa kile kilichodaiwa kuwa mazungumzo ya amani. Baada ya vita hivyo Wanandi wa kusini waliondolewa karibu na njia. Mwaka huohuo msafara wa kijeshi ulipelekwa Sotik dhidi ya Wakipsigis, mifugo ikatwaliwa, na muda si mrefu ardhi ya upande huo ikagawiwa walowezi. Mtu anayeandika historia ya mataruma na madaraja na kuyaacha haya nje ameandika nusu ya historia.

Hata jina la kituo lilibeba dharau ya aina yake. Lumbwa halikuwa jina ambalo Wakipsigis walijiita. Ni jina walilopewa na wengine, likachukuliwa na misafara ya biashara, likaingia katika vitabu vya serikali, likapigwa chapa kwenye ubao wa kituo. Kwa miongo kadhaa kila kasha la mzigo lililopokelewa pale lilithibitisha jina ambalo wenyeji hawakulitaka. Baada ya uhuru ubao ukaandikwa Kipkelion.

Kitani, kisha chai

Reli ilikuwa na deni na ilihitaji mizigo. Sera ya walowezi ilikuwa, kwa sehemu, jibu la swali hilo la kihasibu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani walipewa kiasi cha ekari 25,000 Kericho ili walime kitani, ambacho bei yake ilikuwa imepanda sana wakati wa vita. Bei ikaanguka mara tu walipoanza, na mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 ardhi hiyo ikaingia mikononi mwa kampuni ya James Finlay ya Glasgow kupitia tawi lake lililoitwa African Highlands. Kampuni ya Brooke Bond nayo ilikuwa imeanza kupanda jirani. Mche wa chai ulikuwa umeshapandwa Limuru tangu mwaka 1903, lakini kilimo cha chai kama biashara ya kampuni kubwa kilianza hasa wakati huu.

Je, kampuni hizi zingekuja kama reli isingekuwapo Lumbwa? Hapana shaka zisingekuja. Mashine za kiwanda, mabati, saruji, mbao za makasha, na baadaye makasha yenyewe yaliyojaa chai, vyote vilihitaji njia ya kwenda na kutoka bandarini. Lumbwa ikawa mlango wa Kericho. Kutoka pale hadi mashambani palikuwa na barabara ya udongo ambayo masika yaliigeuza tope, na kila msimu wa mvua ulifufua kilio kilekile kuhusu usafiri.

Basi kwa nini tawi halikujengwa? Katika miaka hiyohiyo matawi yalijengwa kwingine: Kitale, Solai, Thomson's Falls, ambayo leo ni Nyahururu. Wenye mahindi na ngano walipata reli mlangoni, na tena wakapewa nauli nafuu za mazao. Jibu rahisi ni kusema walowezi wa huko walikuwa na sauti kubwa zaidi katika baraza la kutunga sheria, na jibu hilo lina ukweli wake. Lakini jibu la ndani zaidi limo katika jani lenyewe. Gunia la mahindi ni zito na bei yake ni ndogo. Katika hesabu ya usafiri, mahindi ni ndugu wa makaa ya mawe. Chai ni kinyume. Kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Uzito ule mkubwa, ambao ni maji ya jani, huachwa kiwandani ukiwa mvuke. Kuni za kukaushia nazo ni nzito, lakini mikalitusi hupandwa hukohuko, hatua chache kutoka kwenye tanuri. Kinachotoka nje ya lango la kiwanda ni kitu chepesi chenye thamani kubwa, kinachoweza kulipa nauli ya lori hadi Lumbwa na bado kikabakiza faida. Kwa mwenye kampuni, kujenga tawi kungekuwa kama kukodi ng'ombe wanane kubeba kapu la mayai.

Kwa hiyo mantiki iliyozaa reli za makaa ya mawe ndiyo hiyohiyo iliyoinyima Kericho reli. Kilichokosekana katika hesabu hiyo ni watu. Tawi la reli haliletei kampuni tu faida. Huzaa vituo, na vituo huzaa masoko, shule na miji. Kipkelion, Londiani na Fort Ternan zilipata vituo kwa sababu zilikuwa njiani kwenda kwingine. Litein na Bomet zilingoja barabara.

Majina yanayobadilika

Wakati huo reli yenyewe ilikuwa ikibadilisha majina na makao ya maamuzi. Reli ya Uganda ikawa Reli ya Kenya na Uganda mwaka 1926, na muda mfupi baadaye ikaongezewa usimamizi wa bandari. Badiliko lililoiumiza njia ya Mau halikuwa la jina. Njia mpya kutoka Nakuru ilipanda Timboroa, ikafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931. Hadi siku hiyo mzigo wa Uganda ulikuwa ukivuka ziwa kwa meli na kupandia garimoshi Kisumu, ukipita Fort Ternan na Lumbwa. Sasa ulizunguka kaskazini. Njia iliyokuwa uti wa mgongo wa himaya ikawa tawi, na madaraja 27 yaliyowatia wivu wenye viwanda wa Uingereza yakabaki kubeba miwa, mahindi na chai.

Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika kuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zilitengwa, likaundwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilivuta behewa lake, na Shirika la Reli la Kenya likaanzishwa kwa sheria mwaka 1978. Mnamo Novemba 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mwanzoni iliongozwa na kampuni ya Sheltam ya Afrika Kusini, kisha ikatawaliwa na Citadel Capital ya Misri. Mkataba huo ulivunjwa mwaka 2017, miaka 14 kabla ya wakati wake. London, Nairobi, Afrika Kusini, Kairo: ofisi zilihama, na kituo cha Kipkelion kilibaki palepale kikisubiri.

Kwa chai, miongo hii ilikuwa na mabadiliko yake yenyewe. Mnada wa chai, ulioanza Nairobi mwaka 1956, ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, hivyo kila kilo iliyokusudiwa kuuzwa huko ikalazimika kusafiri mamia ya kilomita kabla ya kupata mnunuzi. Mamlaka ya Ustawi wa Majani Chai, iliyoundwa mwaka 1964, ilieneza zao hili kwa wakulima wadogo, na viwanda vyao vikasambaa hadi Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek, maeneo yaliyo mbali zaidi na Kipkelion kuliko mashamba ya kampuni. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imeilinda reli kwa kuzuia malori yasishindane nayo katika njia ya Mombasa. Ulinzi wa aina hiyo ulipokwisha, lori lilishinda kwa urahisi. Linafika mlango wa ghala la kiwanda, linapakia, linashusha Mombasa. Reli ingetaka chai ipakiwe mara mbili, na kila kupakia ni gharama na ni nafasi ya gunia kuloa au kupotea. Nyasi ziliota kati ya mataruma.

Ukarabati na ramani mpya

Serikali iliikarabati njia ya Nakuru hadi Kisumu, yenye kiasi cha kilomita 217, na Desemba 2021 treni ya abiria ikarejea baada ya miaka ya ukimya. Vituo vilipakwa rangi, na watoto waliozaliwa Fort Ternan bila kuona garimoshi likitembea walitoka kushangilia.

Wakati huohuo ramani nyingine ilikuwa imeshachorwa. Reli ya kisasa ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikaendelezwa hadi Suswa, karibu na Naivasha, mwaka 2019. Awamu iliyofuata ilipangwa iende Kisumu kwa kilomita 262 hivi. Haikuchorwa ifuate nyayo za mwaka 1901 kupitia Nakuru na Londiani. Ilichorwa kukata Narok na kuingia Bomet, kisha iteremke kuelekea ziwani. Kwa mara ya kwanza katika zaidi ya miaka 100 mstari wa reli ulionekana ukipita katikati ya wakulima wa chai.

Hapa ndipo historia inapogeuka kuwa swali la fedha na ardhi kwa watu walio hai. Mstari ukishachorwa, thamani ya shamba hubadilika hata kabla ya tinga kufika. Mwenye ekari mbili za chai Bomet hujiuliza kama atalipwa fidia ya miche yake, ambayo huchumwa kwa miongo mingi, au ya udongo peke yake. Kiwanda hujiuliza kama kituo kitajengwa mahali ambapo lori linaweza kufika kwa nusu saa, au mahali ambapo mhandisi ameona tambarare. Hesabu ya jani jepesi na mzigo mzito haijabadilika tangu miaka ya 1920: ili reli ipate chai, itabidi ishinde bei ya lori pamoja na gharama ya kupakia mara mbili, na mzigo wake mkuu utaendelea kuwa makontena ya Uganda, si makasha ya Kapkoros. Wakulima wa Konoin na Sotik wanaoulizia mahali pa vituo wanauliza jambo ambalo mwaka 1901 hakuna aliyewapa babu zao nafasi ya kuliuliza, na jibu lake linaandikwa sasa, katika michoro ya vituo na orodha za fidia.